Kabla Hujasema Imekufa: Kijitabu cha Kutafuta Ubovu wa Laptopu

"Fundi, haiwaki."

"Jana ilikuwaje?"

"Jana ilikuwa nzima kabisa."

Fundi anabonyeza kitufe cha kuwashia, anasubiri sekunde tatu, anatikisa kichwa. "Bodi hiyo."

Neno hilo lina bei yake. Bodi, au mazabodi kama wanavyoiita mafundi, ndiyo sahani ya saketi inayobeba kila kilichomo ndani ya laptopu. Kwenye mashine nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi, gharama ya kuibadilisha hukaribia bei ya kununua laptopu nyingine, kwa hiyo anayeambiwa "bodi" ni kama ameambiwa akaage. Huenda fundi yuko sahihi. Lakini laptopu hunyamaza kwa mambo mengi ambayo bodi haihusiki nayo: chaja iliyokatika waya kwa ndani, ramu iliyolegea, kioo kilichozima taa zake, hata flashi iliyosahaulika pembeni. Kwa mtazamaji, yote hayo hufanana na kifo.

Kijitabu hiki ni cha mwenye laptopu: mwanafunzi, mwalimu, karani, mwenye duka la steshenari. Hakifundishi kulehemu wala kung'oa chipu. Kinafundisha kuiuliza mashine swali moja kwa wakati mmoja, kuanzia ukutani kuelekea ndani, na kujua pa kuachia wenye kazi yao. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na laptopu ikawaka, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na utalipia vyote vitatu.

Mafaili kwanza

Kama mashine bado inawaka, hata kwa kusuasua, nakili kazi zako leo kwenye flashi au diski ya nje. Usingoje kujua ugonjwa.

Angalia pia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hujifunga zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenyewe hana habari. Siku bodi ikibadilishwa au diski ikihamishiwa mashine nyingine, kufuli itadai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo hiyo ya Microsoft. Utafute sasa, uandike kwenye daftari. Matengenezo yanaweza kufanikiwa kabisa na mafaili yasipatikane, kwa kukosa tarakimu hizo tu.

Ukutani

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Simu nayo ikikataa, basi laptopu haina kosa: tazama ekstensheni, tazama swichi ya soketi, tazama luku. Usicheke. Mwandishi wa kurasa hizi aliwahi kufungua skrubu kumi na moja za laptopu nzima kabla ya kugundua kwamba ekstensheni ilikuwa imezimwa na mtoto.

Ekstensheni zetu zina ugonjwa wao. Soketi ya matundu matatu ina vizibo vinavyofunguka pale pini ndefu ya ethi inapoingia. Mwenye plagi ya pini mbili hutia kalamu kwenye tundu la juu, vizibo vikafunguka, akasukumiza. Akifanya hivyo kila siku, mashikio ya shaba ndani hulegea, plagi hucheza, na chaja hupata umeme wa kukatikakatika wenye cheche. Ukisikia mlio mdogo kama wa mafuta ya kukaangia kwenye soketi, acha kuitumia.

Na kama unapoishika laptopu yenye kasha la chuma ikiwa kwenye chaji inakutekenya vidole, au mshale unarukaruka wenyewe kwenye tachpedi, chomoa chaja kwanza kabla ya kulaumu chochote. Mshale ukitulia, tachpedi ni nzima. Tatizo ni chaja duni, au umeme usio na ethi.

Umeme wa kawaida wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya ni 240, na chaja nyingi za laptopu zimeandikwa kwamba hupokea kuanzia 100 hadi 240. Kwa hiyo umeme ukipungua kidogo jioni, chaja huvumilia. Kinachoua ni ule mshindo wa umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika, na radi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, acha dakika chache zipite kwanza.

Chaja

Geuza chaja usome maandishi yake madogo upande wa kutolea umeme. Laptopu nyingi zenye plagi ya mviringo hutumia volti 19, 19.5 au 20. Karibu yake kuna ampea. Kanuni ya kuazima chaja ni fupi: volti zilingane na za mashine yako, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikizidi hakuna madhara, kwa sababu mashine huchukua inachohitaji. Zikipungua, chaja huchemka, betri haijai, au laptopu huzima pale unapofungua kazi nzito.

Taa ya chaja ikiwaka inathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme wa ukutani umefika. Waya wa upande wa pili unaweza kuwa umekatika pale unapojikunja, karibu na kichwa, na taa ikaendelea kung'aa. Pinda waya taratibu hapo huku ukitazama alama ya chaji kwenye skrini. Ikija na kuondoka, umepata jibu bila kulipa.

Mwenye multimita anaweza kupima: ncha nyekundu ndani ya kichwa cha chaja, nyeusi kwenye bati la nje. Hapa kuna mtego unaowaponza hata wenye uzoefu. Chaja nyingi za Dell na HP zina sindano nyembamba katikati ya kichwa, na sindano hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Umeme wenyewe uko kwenye ukuta wa ndani wa lile bomba. Sindano ikipinda au waya wake ukikatika, laptopu itawaka vizuri lakini betri haitachaji, na pengine mashine itakuwa nzito kama inavuta mkokoteni, maana haijui ina chaja ya nguvu gani na inajibana. Watu hubadilisha betri mbili mfululizo kwa sababu ya sindano hiyo.

Chaja za USB-C hazipimwi hivyo. Zenyewe huanza kwa kuelewana na mashine, kisha hupandisha volti hadi 9, 15 au 20 kadiri zinavyokubaliana. Njia ya uhakika ni kujaribu chaja nyingine yenye wati za kutosha, mathalani 65, pamoja na waya mwingine. Waya wa simu wa bei ya chini unaweza kuwa ndio mgonjwa peke yake.

Mwisho wa safari ya umeme ni tundu la chaji lenyewe. Likicheza kama jino bovu, limelegea. Kwenye laptopu nyingi za zamani tundu hilo limeunganishwa kwa waya mfupi na hubadilishwa kwa dakika chache. Kwenye nyingine limelehemewa moja kwa moja kwenye bodi. Uliza ni lipi kabla ya kukubaliana bei.

Imezima, au imezima kioo?

Hapa ndipo hukumu nyingi za haraka hutolewa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza kwa kuimwaga mashine umeme uliobaki. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, chomoa kila kilichochomekwa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Laptopu kadhaa zilizokuwa maiti jana huamka hapa. Sababu ni kwamba kuna vifaa vidogo kwenye bodi vinavyohifadhi umeme, na vikibaki katika hali iliyochanganyikiwa, mashine hugoma mpaka visahau.

Bado giza? Bonyeza kitufe cha Caps Lock mara kadhaa. Ikiwa taa yake inawaka na kuzima kwa kukutii, laptopu iko hai, inafanya kazi, na inakungoja. Kilichokufa ni unachokitazama. Sikiliza feni, sikiliza sauti ya Windows kuanza.

Sasa zima taa za chumba, washa tochi ya simu, uimulike skrini kwa mshazari. Ukiona maandishi kwa mbali, kama maandishi ya chini ya maji, picha ipo na taa za nyuma ya kioo ndizo zilizozima. Kama huoni kitu, chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya sebuleni. Televisheni ikionyesha picha safi, bodi yako inatoa picha. Ubovu uko kwenye kioo au kwenye waya unaokipelekea. Kama kioo kilikuwa na michirizi, na televisheni nayo ikaonyesha michirizi ile ile, hapo ndipo shaka ihamie kwenye chipu ya picha, na hapo neno "bodi" lina haki ya kutajwa. Kabla ya yote hayo, jaribu kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Huenda mtu aliyetumia projekta juzi aliiacha laptopu ikitoa picha nje tu.

Laptopu nyingi za Dell zina kipimo cha ndani: shikilia kitufe cha D huku unawasha, nayo itapaka skrini nzima rangi moja moja. Rangi zikitoka safi, kioo ni kizima.

Picha inayocheza unapofungua na kufunga kifuniko inasimulia habari nyingine. Waya wa kioo hupita kwenye bawaba, na kila unapofungua laptopu waya huo hujikunja. Usifungue kifuniko kwa kushika pembe moja. Shika katikati. Bawaba ikikaza na ukaendelea kuilazimisha, haitavunjika yenyewe. Itang'oa zile nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki, na kasha litapasuka pembeni. Mafundi huziba kwa gundi kali. Hudumu kidogo.

Mlio, taa zinazopepesa, na ramu

Laptopu inayoshindwa kuanza mara nyingi husema inachoumwa, kwa milio au kwa taa zinazopepesa kwa idadi maalumu. Hesabu. Andika: tatu ndefu, mbili fupi, kimya. Kila kampuni ina lugha yake, na maana yake imo kwenye kitabu cha mashine hiyo. Fundi akipewa hesabu hiyo ameshapewa nusu ya kazi.

Ramu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ni kile kibao kirefu kama kidole, chenye meno ya rangi ya dhahabu, ambacho vumbi na hewa ya chumvi hukipaka utando. Ikiwa laptopu yako ina kimlango chake chini na unaona unaweza: toa umeme na betri, gusa kitu cha chuma ili uondoe umeme tuli mwilini, sukuma vibanio viwili vya pembeni mpaka kibao kiinuke chenyewe, futa meno yake kwa raba safi ya penseli, pangusa unga wa raba, kirudishe kwa mshazari mpaka kibane. Kama kuna vibao viwili, jaribu kimoja kimoja, kisha tundu moja moja. Mashine ikiwaka na kimoja na kugoma na kingine, umemkamata.

Kwenye laptopu nyembamba ramu imelehemewa kwenye bodi. MacBook Air zimekuwa hivyo tangu ya kwanza mwaka 2008. Hapo raba haina kazi. Lakini kama mashine inawaka na kuganda ovyo, andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, nayo itaipima ramu yenyewe ikijiwasha upya.

Inazima yenyewe

Usiseme tu "inazima". Inazima lini?

Ikizima papo hapo unapochomoa chaja, betri haina uhai tena. Ikizima unapoisogeza, kuna kitu kimelegea. Ikizima baada ya robo saa ya video au kikao cha Zoom, kisha ikakataa kuwaka mpaka ipoe, hilo ni joto: chipu hujilinda kwa kupunguza mwendo, na inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hukata umeme wenyewe. Ule uzito unaoulaumu kwa virusi, ambao huja mchana na kupotea asubuhi, mara nyingi ni joto hilo hilo.

Weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa. Hewa ikitoka kwa nguvu na moto, feni inafanya kazi yake. Feni ikipiga kelele na hewa isitoke, kuna zulia la vumbi limeziba mapezi ya kupoozea, na huwezi kuliona mpaka uifungue. Kupuliza kwa nje kwa mdomo huongeza mate na kusukuma vumbi ndani. Ukipata blowa ya mafundi, zuia kwanza mabawa ya feni kwa kijiti cha meno, kwa sababu feni inayozungushwa kwa upepo hukimbia kupita kiasi na huzalisha umeme unaorudi kwenye bodi.

Mashine yenye miaka kadhaa huhitaji pia ile pesti ya kijivu inayopakwa kati ya chipu na bomba la kupoozea. Ikikauka hupasuka kama tope la kiangazi na joto hukosa njia. Ni kazi ya fundi, ya bei ya chini, na huirudishia laptopu mwendo kuliko kupiga Windows upya mara tatu. Na uitumie laptopu juu ya meza. Godoro na kitenge mapajani huziba matundu ya chini.

Betri

Betri za lithiamu huchakaa hata ukizibembeleza; baada ya mizunguko kama 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha, nyingi zimeshapoteza sehemu nzuri ya uwezo wake. Windows itakuonyesha ukweli. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Humo kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo iliyotoka nao kiwandani na uwezo wa sasa ikijaa. Kama ilianza na 48,000 na leo inajaa kwa 19,000, imebaki na asilimia 40 hivi. Anayekuuzia laptopu ya mtumba akikuambia "betri saa nne", mwombe akufungulie ripoti hiyo mbele yako.

Betri iliyovimba ni habari nyingine, na hapa hatutanii. Dalili zake huja taratibu: tachpedi inakuwa ngumu kubofya, kasha linaachia pembeni, laptopu inayumba juu ya meza iliyonyooka. Watu hulikandamiza kasha kwa skrubu ndefu zaidi. Usifanye hivyo. Ndani ya mfuko wa betri hiyo kuna gesi, na ukitobolewa au kukunjwa unaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Zima, chomoa, usichaji tena, mpe fundi aitoe. Ikianza kutoa moshi, toka nje ya chumba na watu wako.

Diski

Diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, hufa kwa sauti. Mlio wa tik-tik-tik unaorudiarudia ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kuikosa. Kila ukiwasha tena "kuona kama itakubali" unakipa nafasi ya kukwaruza zaidi. Kama mafaili yaliyomo ni ya pekee, zima, uitoe, umtafute mwenye kazi ya kuokoa data. Usiiendeshee chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, hata kama rafiki yako anayejua kompyuta amekushauri: amri hiyo huitembeza diski nzima, na diski mahututi haihitaji mazoezi.

Diski za SSD hazina cha kuzunguka na hazilii. Siku moja mashine inasema haioni mfumo wa kuanzia. Kabla ya kuomboleza, chomoa flashi zote, kwa sababu laptopu inaweza kuwa inajaribu kuanza kwa flashi yenye nyimbo. Kisha ingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows, kwa F2 kwenye mashine nyingi, utazame kama jina la diski limeorodheshwa. Likiwepo, yumkini ni Windows iliyoharibika. Lisipokuwepo, diski imelegea au imekwenda. Dell wana vipimo vya ndani unavyovipata kwa F12 wakati wa kuwasha, HP kwa Esc kisha F2, na vipimo hivyo havihitaji Windows kabisa.

Kifaa au programu?

Swali hili huokoa fedha nyingi kuliko yote. Tengeneza flashi yenye Linux ya bure, kama Ubuntu, uwashe laptopu kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Kibodi isiyoandika herufi A ndani ya Windows, haiandiki A ndani ya Ubuntu pia? Basi ni kibodi, na kupiga Windows upya hakutasaidia. Sauti isiyotoka huku inatoka kule? Ni programu, usinunue spika. Ila kumbuka kwamba kwa njia hiyo diski ya ndani haitumiki. Mashine iliyoganda kila siku ikitulia ndani ya Ubuntu, bado diski ni mshukiwa.

Kuna ubovu mmoja mdogo unaojivika vazi la programu. Tovuti zote, za benki na za barua pepe, zinakukatalia kwa madai kwamba si salama. Tazama saa ya laptopu. Ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kana kwamba muda wake haujaanza. Betri ndogo ya saa imekwisha. Mara nyingi ni ile ya mviringo ya volti 3 iitwayo CR2032, ambayo duka la vifaa vya umeme huiuza kama njugu.

Chai, soda na bahari

Chai imemwagika. Fanya kwa mpangilio huu na usifikiri sana: shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, igeuze kifudifudi kama paa la hema ili kilichoingia kitoke kwa njia kiliyoingilia. Usiiwashe kuona kama imepona.

Maji peke yake huharibu polepole. Umeme ukipita kwenye maji hayo, kutu hula shaba kwa saa chache, na ndiyo maana betri ni adui kuliko kilichomwagika. Chai ya sukari na soda huacha gundi baada ya kukauka. Maji ya bahari ni mabaya kuliko yote. Mchele, tunaoagizwa na kila mtu, haufiki ndani. Unaacha unga wake tu, kisha watu wanakula wali uliolalia laptopu. Kinachosaidia ni kufunguliwa siku hiyo hiyo na kusafishwa kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, kwa brashi laini. Kikaushia nywele chenye moto huyeyusha plastiki na kuusukuma unyevu ndani zaidi.

Wakazi wa Unguja, Tanga, Mombasa au Mtwara hawahitaji hata kumwaga kitu. Hewa ya bahari huacha chumvi kwenye viunganishi, na ukifungua laptopu iliyokaa miaka karibu na ufukwe utaona kijani cha shaba kwenye matundu ya USB. Ifunike usiku, na usiiache dirishani upande wa upepo.

Kwa fundi

Peleka karatasi pamoja na laptopu. Mfano: "Inazima baada ya dakika kama 15 nikitazama video. Kwenye Word haizimi. Feni ina kelele, hewa haitoki. Nimejaribu chaja nyingine, hali ile ile. Sijaifungua." Mistari hiyo humzuia fundi mvivu na humfurahisha fundi mzuri.

Andikiana naye namba ya mashine, ukubwa wa ramu na wa diski, na umwombe akurudishie kifaa kibovu alichokitoa. Si tusi. Fundi mwaminifu hukupa hata usipoomba. Ondoa akaunti zako za benki na picha za familia, au toa diski kabisa kama kazi inayofanyika haiihitaji. Kubadilisha tundu la chaji hakuhitaji diski yako. Na akikuambia "bodi", muulize kwa upole: umeipima kwa chaja gani, kwa ramu gani, kwa kioo gani cha nje? Mwenye majibu ataeleza mbele yako bila kukasirika.

Ikiwa imekufa kweli

Diski yake hupata maisha mapya ndani ya kasha la USB la bei ndogo, na mafaili yako yakafunguka kwenye mashine nyingine, mradi uwe na ufunguo wa BitLocker kama ilifungwa. Ramu, kioo na chaja vina wanunuzi mitaani. Kilichobaki kisichomwe pamoja na takataka za nyumbani, kwa sababu plastiki na risasi yake hutoa moshi wa sumu. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea mabaki ya vifaa vya umeme. Tanzania, ofisi za NEMC, baraza la taifa la mazingira, zinaweza kukuelekeza kwa waliosajiliwa kuyakusanya.

Betri itolewe kwanza, hata kama laptopu inakwenda kukaa stoo. Ziba sehemu zake za shaba kwa selotepu. Kama imevimba, ilaze kwenye mkebe wenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na jua na watoto, mpaka siku ya kuipeleka.